Mwakilishi wa shule si wa kuokoteza

Uchaguzi wa chama cha walimu ukifika, shule nyingi hupata mwakilishi wao kwa dakika chache. Mwalimu mkuu anauliza tumchague nani, watu wanaangaliana, mtu anataja jina la mwalimu mgeni aliyeripoti juzi, au la yule aliyetoka nje kupokea simu. Makofi yanapigwa, kikao kinahamia ajenda nyingine. Nimeliona hilo katika shule zaidi ya moja hapa Dodoma, za vijijini na za mjini, na kila nikiliona huwa naumia. Siku mmoja wetu akikabidhiwa hati ya mashtaka, mtu wa kwanza atakayemtafuta ni huyo tuliyemchagua kwa kumtupia jina.

Nafundisha shule ya msingi. Nilianzia magharibi mwa mkoa, ukanda wa reli ya kuelekea Manyoni, na sasa nipo kijiji kisicho mbali sana na mji. Katika shule zote mbili nimekuwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi, na nayaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, hasa vijana wanaoajiriwa sasa, ambao wanakijua chama kwa kuona makato kwenye salari slipu tu.

Makato yenyewe tuyaseme wazi, maana ndiyo yanayozungumzwa kila mwisho wa mwezi. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilianzishwa 1993, na mwanachama hukatwa asilimia 2 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anaacha pale 16,000 kila mwezi. Si hela ndogo kwa mwalimu anayelipa pango na ada. Sheria inaruhusu pia asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale chama chenye wanachama wengi kinapotambuliwa mahali hapo, kwa hiyo hata aliyegoma kujaza fomu anaweza kujikuta anachangia. Siku hizi kuna na chama kingine cha walimu, CHAKUHAWATA, na walimu wengine wamehamia huko. Mtu achague atakako, ni haki yake. Ninachomwomba ni kwamba akishachagua, asikae miaka kumi analalamika kwamba chama hakina faida huku hajui hata jina la mwakilishi wake shuleni.

Mwakilishi huyo yupo kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 62, inatoa nafasi ya wawakilishi kazini kulingana na idadi ya wanachama: panapokuwa na wanachama 1 hadi 9 anakuwepo mmoja, 10 hadi 20 wanakuwa watatu, 21 hadi 100 wanakuwa kumi. Kazi ya kwanza iliyotajwa pale ni kumwakilisha mwanachama katika vikao vya malalamiko na vya nidhamu. Kwa hiyo shule yenye wanachama kumi na tano ina haki ya wawakilishi watatu. Shule ngapi kwetu zina watatu? Nyingi nilizopita zina mmoja, na wakati mwingine huyo mmoja alishahama na hakuna aliyekumbuka kujaza nafasi.

Sasa niwaeleze kwa nini nalishikia bango jambo hili.

Tulikuwa na mwenzetu wa darasa la 6, kijana mpole, anayefundisha Hisabati vizuri. Mama yake aliugua akalazwa hospitali Itigi. Akaenda kwa mwalimu mkuu jioni, akaomba ruhusa, mwalimu mkuu akamwambia, "Nenda ukamwangalie mama, tutawasiliana." Ruhusa ya mdomo. Wote tunaijua, wote tumewahi kuitumia, kwa sababu mwalimu mkuu mwenye utu hawezi kumwambia mtu mwenye mama mahututi akae kwanza aandike barua. Mama akazidiwa, siku zikaongezeka. Katikati ya hapo mwalimu mkuu akapata uhamisho. Aliyekuja akafungua daftari la mahudhurio, akakuta mstari mtupu mbele ya jina la mtu asiyemjua, akaandika taarifa kama utaratibu unavyomtaka. Kijana anarudi kazini, anakuta mshahara umesimamishwa na anasubiriwa na hati ya mashtaka ya utoro.

Utoro ni kosa zito. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi kunaweza kumfukuzisha mtumishi wa umma kazi. Watu hawalijui hilo mpaka linapowakuta. Na mwenzetu alipoipokea ile hati alifanya ambacho wengi hukifanya: alitaka aandike pale pale, kwa hasira, kurasa mbili za kumlaumu mwalimu mkuu mpya. Nilimwomba asiandike chochote siku ile. Nikamwambia, "Mwalimu, kalale. Kesho tutaandika tukiwa watatu."

Kesho yake tulikaa ofisi ya walimu baada ya wanafunzi kutawanyika. Tulichukua karatasi, tukaandika upande mmoja kila kinachodaiwa na upande wa pili ushahidi tunaoweza kuupata. Ujumbe wa simu kati yake na mwalimu mkuu wa zamani ulikuwepo bado, pamoja na ule uliosema "pole sana, endelea kuuguza." Karatasi za hospitali zilikuwa kwa dada yake. Daftari la zamu lilionyesha kwamba zamu yake ilikuwa imegawiwa mwalimu mwingine kwa mwandiko wa mwalimu mkuu yule yule, maana yake uongozi ulijua kwamba hayupo. Kilichokosekana ni neno la mwalimu mkuu mwenyewe.

Nilipanda gari kumfuata alikohamia, upande wa Mpwapwa. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kukiri kwa maandishi kwamba ulitoa ruhusa ya mdomo kunaweza kukuletea na wewe maswali. Yule mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatoa karatasi ya mistari kwenye daftari la mazoezi, akaandika kwa mkono. Aliandika kwamba alimruhusu, akataja siku, akataja sababu, akaeleza kwamba alikusudia kuiweka ruhusa ile kwenye maandishi lakini uhamisho ukamkuta kabla. Akasaini, akaandika cheki namba yake ya utumishi, akagonga muhuri. Akasema, "Mpelekee mwanangu. Nilimruhusu mimi." Nitamheshimu mzee yule maisha yangu yote.

Majibu yetu yalipitiwa na katibu wa chama wa wilaya, ambaye alikata karibu nusu ya maneno na kubakiza yanayohusu mashtaka tu. Siku ya kikao aliambatana na mwenzetu. Uamuzi ulikuja kwamba alikosea kwa kuondoka bila ruhusa ya maandishi, akapewa adhabu ndogo, kazi yake ikabaki, mshahara ukarudishwa. Kuna walioona hata ile adhabu haikustahili, na mimi ni mmoja wao. Lakini yuko darasani hadi leo.

Jiulize ingekuwaje kama mwakilishi wa shule angekuwa mtu asiyejua kwamba ana kazi. Kijana angeandika zile kurasa mbili za hasira, na zile kurasa ndizo zingekuwa utetezi wake.

Walimu wengi pia wanachanganya mahali pa kupeleka jambo. Sisi wa serikali tuna wakubwa wengi. Mwajiri wetu ni mkurugenzi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa): mshahara, likizo, uhamisho ndani ya halmashauri, madai ya fedha, vyote njia yake ni huko, kupitia mwalimu mkuu na afisa elimu kata. Nidhamu na kupandishwa cheo viko kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 ikachukua nafasi ya iliyokuwa Idara ya Utumishi wa Walimu. Makosa madogo yanaanzia kwa mwalimu mkuu, makubwa yanakwenda TSC ngazi ya wilaya. Asiyeridhika anakata rufaa kwenye Tume yenyewe, na juu ya hapo kwa Rais. Nimeona barua ya kudai nauli ya likizo ikipelekwa TSC na ikakaa huko, kwa sababu mhusika alidhani ofisi yoyote yenye neno "walimu" inashughulikia kila kitu.

Wapo pia wanaotishia kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwalimu wa shule binafsi ana njia hiyo na aijue vizuri: akiachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri, na kwa migogoro mingine siku 60. Zikipita, anaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na hilo halina uhakika. Ila mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya sheria ya 2016, anatakiwa amalize kwanza ngazi zote za ndani za utumishi wa umma. Mwalimu wa serikali anayeacha kukata rufaa TSC akakimbilia CMA anaweza kujikuta amepoteza muda kote kuwili.

Kuna jambo gumu katika uwakilishi huu ambalo halisemwi kwenye semina. Mwalimu mkuu naye ni mwanachama. Anakatwa asilimia 2 kama sisi, anavaa tisheti ile ile Mei Mosi. Mwalimu anapolalamika dhidi ya mwalimu mkuu, mwakilishi amesimama kati ya wanachama wawili, na mmoja wao ndiye anayempangia vipindi. Wapo wawakilishi wanaogeuka kuwa masikio ya ofisi. Wapo wanaofanya kila jambo kuwa vita. Aina zote mbili zinaua shule, na nikilazimishwa kusema ipi ni mbaya zaidi nitasema ya kwanza, kwa sababu ikishajulikana kwamba mwakilishi anapeleka maneno, hakuna mtu atakayemwambia tena tatizo lake likiwa dogo.

Madam mmoja wa darasa la 2 alirudi kutoka likizo ya uzazi. Sheria inampa siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, hizo alizipata bila shida. Shida ilianza aliporudi. Nyumba aliyopanga iko ng'ambo ya korongo, mtoto anaachwa na mdogo wake wa kike, na ratiba mpya ilikuwa imempa vipindi vya mwanzo hadi mwisho, na zamu juu yake. Akawa anakamulia maziwa kwenye stoo ya vitabu, amegeukia ukutani, mlango umeegeshwa kwa dawati. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu nilikwenda kuchukua chaki.

Sikuandika barua. Nilimfuata mwalimu mkuu saa ya chai, tukiwa wawili, nikamwambia kwamba kifungu cha 33 cha sheria ile ile ya 2004 kinamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Nilikuwa nimekinukuu kwenye karatasi nikamwachia. Aliisoma, akanyamaza, akauliza, "Mbona hamkuniambia?" Ratiba ilibadilishwa wiki ile, na mwalimu mwenzetu wa kiume akajitolea kubadilishana naye zamu. Hakukuwa na mkutano wala muhtasari. Kama ningeanza kwa barua yenye nakala kwa katibu wa wilaya, pengine angepata saa zake, lakini angezipata katika shule ambayo imemnunia.

Wenzangu wanaopenda mapambano makubwa huniambia kwamba haya ni mambo madogo, kwamba chama kipimwe kwa mishahara. Mishahara ni kweli. Nakumbuka mgomo ulioanza tarehe 30 Julai 2012, tukidai nyongeza ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Baada ya siku chache mahakama ilisema mgomo ni batili, tukarudi madarasani. Nakumbuka Mei Mosi ya 2022 hapa Dodoma, uwanja wa Jamhuri, na baadaye mwezi ule ule kima cha chini kikapandishwa kwa asilimia 23.3. Mwaka 2025 majirani zetu wa Singida ndio waliopokea sherehe, na pale pale Rais akatangaza kima cha chini kitoke 370,000 hadi 500,000. Hayo yanadaiwa na chama taifa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na wadai kwa nguvu zote. Lakini hakuna nyongeza ya asilimia yoyote itakayomfaa mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia asiandike kwa hasira.

Kwa hiyo, ukiniuliza tumchague mtu wa namna gani, sitakutajia elimu wala ujasiri wa kuzungumza kikaoni. Mchague mwenye kutunza siri. Halafu mwenye kutunza karatasi. Mwalimu anayepoteza maandalio ya somo yake mwenyewe hawezi kutunza barua zako. Mwakilishi mzuri ana faili, na kwenye faili kila barua iliyotoka ina nakala yenye muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Ukipeleka barua masijala ya halmashauri, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Karani akikuambia "acha tu, nitaiona," subiri. Kaa kwenye benchi usubiri, kwa adabu, mpaka igongwe. Barua isiyo na muhuri, miezi sita baadaye, ni neno lako dhidi ya ofisi.

Na mchague mwanamke, angalau mmoja kati ya watatu. Yapo mambo ambayo mwalimu binti aliyepangiwa shule yenye walimu wanaume watupu hatamwambia kaka yeyote, hata akiwa mwema kiasi gani. Chama kina kitengo cha wanawake ngazi ya wilaya, lakini binti huyo ataanzaje kwenda wilayani kumweleza mtu asiyemjua kwamba mkubwa fulani anampigia simu usiku? Ataanza na mtu aliye karibu, au hataanza kabisa.

Nimalizie na la uhamisho, kwa kuwa ndilo linalowaibia walimu haki zao kimya kimya kuliko yote niliyoyaona.

Mwalimu akihamishwa na mwajiri, ana haki ya kulipwa: nauli, kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu, posho ya usumbufu. Akiomba mwenyewe, anajigharamia. Tofauti ya hali hizo mbili iko kwenye mstari mmoja wa barua. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alihamishwa kata moja hadi nyingine kwa sababu ya ikama, yaani kusawazisha idadi ya walimu. Shule anakokwenda ilikuwa na walimu watatu kwa madarasa yote. Kila mtu alijua hivyo, pamoja na afisa aliyemwambia. Barua ilipokuja ilisema amehamishwa "kutokana na maombi yako." Hakuwa ameomba popote. Alikuwa ameshafunga mizigo, ameshakodi Kenta kwa mkopo, na alitaka aondoke tu yaishe.

Nilimsihi asiipuuze. Kabla hajaripoti kituo kipya, tuliandika barua ya nusu ukurasa kwa mkurugenzi, kupitia kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata: tumepokea barua yenye kumbukumbu namba fulani, inataja maombi ya mhusika, mhusika hakuwahi kuwasilisha maombi, anaomba apatiwe nakala ya maombi hayo au barua irekebishwe. Basi. Hatukumtuhumu mtu, hatukuandika neno "hujuma," ingawa mwenzetu alilitaka. Akaripoti kwa wakati ili asije akageuziwa kibao kwamba amekaidi uhamisho. Katibu wa wilaya akaichukua nakala yetu yenye muhuri, akaifuatilia kwa afisa utumishi kila alipokwenda pale kwa shughuli nyingine. Barua mpya ilitoka, ile sentensi ikiwa imeondolewa na sababu ya ikama ikiwa imeandikwa.

Kutoka hapo dai lake liliingia kwenye orodha, likahakikiwa na mkaguzi wa ndani, ambaye aliomba risiti ya Kenta, barua zote mbili na cheti cha ndoa kwa ajili ya nauli ya mwenza. Vyote vilikuwemo kwenye faili. Amelipwa nauli na mizigo. Posho ya usumbufu bado, imo kwenye madeni yaliyohakikiwa, na kila robo mwaka mwakilishi wa shule aliyohamia, ambaye ni kijana makini sana, anaandika barua fupi ya kukumbushia na kurudi na nakala yake ikiwa na muhuri.